Kipande na Kizima: Uhakiki wa Filamu Zilizofupishwa kwa Mikanda Myembamba

1. Utangulizi

Katika madarasa ya fasihi neno "ufupisho" husikika mara nyingi kama lawama. Kazi iliyofupishwa huhesabiwa kuwa imepunguzwa, na iliyopunguzwa huhesabiwa kuwa haistahili tena kushughulikiwa na mhakiki. Mwanafunzi hukatazwa kusoma muhtasari badala ya riwaya, na katazo hilo lina haki yake. Lakini historia ya nathari ya Kiswahili iliyopigwa chapa inaonya dhidi ya haraka ya kudharau. Mwaka 1867 mmisionari Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu, alitoa huko Zanzibar kitabu cha Hadithi za Kiingereza. Hadithi zake nne zilitoka katika kitabu cha Charles na Mary Lamb cha mwaka 1807, ambao walikuwa wamezigeuza tamthilia za Shakespeare kuwa masimulizi mafupi ya vijana. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili alipokutana na Shakespeare mara ya kwanza, alikutana na tafsiri ya ufupisho. Hakuna mtafiti leo anayethubutu kusema kwamba kitabu hicho hakina maana kwa sababu hiyo.

Sinema nayo ilikuwa na ufupisho wake. Kati ya miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1980, kampuni za Ulaya na Marekani ziliuza kwa wateja wa nyumbani matoleo mafupi ya filamu kubwa, yaliyochapwa juu ya mikanda myembamba ya milimita 9.5, 16 na 8. Filamu ya saa moja au mbili iliyotengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema ilikatwa ikawa ya dakika kumi, ishirini au chache zaidi, ikatiwa ndani ya kisanduku chenye picha ya kuvutia, ikanunuliwa kama kinavyonunuliwa kitabu. Biashara hiyo imekufa zamani, lakini mikanda yenyewe ingali inatafutwa, inabadilishanwa na kuhifadhiwa na wakusanyaji.

Makala hii inakusudia kuichunguza mikanda hiyo kwa jicho la uhakiki. Swali lake ni hili: je, toleo lililofupishwa ni maiti ya filamu, au ni usomaji wa filamu? Hoja itakayotetewa ni kwamba ni usomaji, na kwamba usomaji huo unaweza kuwa mwema au mbaya. Mwema humwelekeza mtazamaji kwenye kazi nzima. Mbaya hukaa mahali pake na kuiziba. Mkusanyaji, ambaye wengi humwona kama mtoto aliyechelewa kukua, ana kazi kubwa katika jambo hili kuliko anavyodhaniwa.

2. Umbo na historia yake

Kabla ya kuhukumu kazi inafaa kukijua chombo chake. Filamu za majumba ya sinema zilikuwa za milimita 35 na, hadi mwanzo wa miaka ya 1950, zilichapwa juu ya nitrati, dutu inayowaka upesi na ambayo moto wake hauzimiki kwa maji. Kitu cha namna hiyo hakingeweza kuingizwa sebuleni penye watoto. Ilibidi ipatikane filamu ya asetati, isiyowaka kwa urahisi, na nyembamba kiasi cha kutoweza kuchanganywa na ile ya hatari.

Kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa mtambo wa Pathé-Baby mwaka 1922. Mkanda wake wa milimita 9.5 ulikuwa na tundu moja tu katikati, baina ya picha na picha, hata picha ikachukua karibu upana wote. Mikanda ya kwanza ilikuwa mifupi mno, ya mita kama kumi, nayo ilipita mbele ya taa kwa muda wa dakika moja na kidogo. Hapo mafundi wa Pathé walibuni hila ya ajabu. Maandishi ya filamu bubu, ambayo kwa kawaida hurudiwa katika picha nyingi ili mtazamaji apate muda wa kusoma, yalichapwa katika picha chache tu. Ukingoni mwa mkanda palitiwa pengo dogo. Mtambo ulipolifikia pengo hilo, picha ilisimama sekunde kadhaa ijapokuwa mkono uliendelea kuzungusha. Hivyo ufupisho ulianza katika chombo chenyewe: mkanda uliokoa urefu wake kwa kusimama.

Kodak ya Marekani ilileta milimita 16 mwaka 1923, kisha ikaanzisha maktaba za kukodisha zilizojulikana kwa jina la Kodascope, ambazo filamu zake nyingi zilikuwa zimepunguzwa. Milimita 8 ilifuata mwaka 1932, na Super 8 mwaka 1965. Aliyeifanya biashara ya kuuza kuwa kubwa ni Eugene Castle, aliyeanzisha kampuni ya Castle Films mwaka 1924. Mwaka 1937 alianza kuwauzia watu wa nyumbani mikanda ya habari: kuungua kwa chombo cha angani cha Hindenburg na kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, matukio yaliyotokea mwezi Mei wa mwaka huo. Mwaka 1947 kampuni yake ilinunuliwa na tawi la Universal, na kwa njia hiyo hazina ya filamu za Universal ikafunguka: vichekesho vya Abbott na Costello, kisha filamu za kutisha za miaka ya 1930 na 1940. Gazeti la Famous Monsters of Filmland, lililoanza mwaka 1958, lilitangaza mikanda hiyo, na vijana wa Marekani waliiagiza kwa posta.

Hesabu ya urefu inastahili kutajwa, kwa kuwa ndiyo sheria iliyomfunga kila mfupishaji. Futi moja ya Super 8 ina picha 72. Bobini ya kawaida ya futi 200 ina picha 14,400, yaani dakika 10 kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa filamu yenye sauti, au dakika 13 na sekunde 20 kwa mwendo wa picha 18. Filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 ina dakika 121, yaani picha zaidi ya 174,000. Kampuni ya Ken Films ilipoitoa mwaka huohuo kwa bobini moja ya futi 200, ilimbidi mhariri atupe picha kumi na moja ili abakize moja, nayo sehemu ya bobini ilikuwa imekwisha kuliwa na majina ya utangulizi. Hakuna mshairi aliyewahi kubanwa hivyo na mizani.

3. Kazi ya mfupishaji

Jina la mfupishaji halikuandikwa mahali popote juu ya kisanduku. Mkurugenzi alitajwa mara chache. Nyota wa filamu na kampuni walitajwa daima. Hata hivyo mfupishaji ndiye aliyeamua ni kipi kiingie chumbani kwa mnunuzi. Katika kazi yake zinaonekana njia kuu mbili.

Njia ya kwanza ni kuupitia msuko wote kwa mbio, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuchukua vipande vidogo vya kila sehemu na kuviunganisha kwa maandishi. Njia hii inafanana na muhtasari wa shuleni. Faida yake ni kwamba mtazamaji anajua nani alikufa na nani alioa. Hasara yake ni kwamba hajui kwa nini ajali. Matukio yanafuatana pasipo kuzaana.

Njia ya pili ni kuchagua tukio moja lililotimia, na kuliacha lipumue. Mfano bora wa njia hii ni mkanda wa Castle Films ulioitwa Doom of Dracula, yaani maangamizi ya Dracula. Filamu yenye jina hilo haikuwahi kuonyeshwa katika jumba lolote la sinema. Mkanda umetolewa katika House of Frankenstein ya mwaka 1944, filamu ambamo Universal ilirundika pamoja majitu yake kadhaa ya kutisha. Katika sehemu yake ya kwanza Dracula, aliyechezwa na John Carradine, anafufuliwa, anamteka kwa macho mke wa kijana, anafukuzwa barabarani usiku, na jua linamkuta kabla hajaingia jenezani mwake. Baada ya hapo filamu inaendelea na mambo mengine kana kwamba hakuwahi kuwapo. Watazamaji wengi wameuona mpasuko huo kuwa udhaifu wa filamu. Mfupishaji aliuona kuwa mlango. Alikata palepale ambapo kazi ilikuwa na kovu, akaipa sehemu ile jina lake, na kilichopatikana ni kisa chenye mwanzo, kati na mwisho. Hapa ufupisho ni hukumu ya kihakiki iliyotolewa kwa mkasi: unasema kwamba ndani ya filamu hii mna filamu mbili, na unathibitisha kwa kuitenga mojawapo.

Aghalabu, hata hivyo, mkasi haukupata kovu la kuufuata. Chukuliwe Frankenstein ya James Whale ya mwaka 1931. Jitu lililochezwa na Boris Karloff halionyeshi uso wake mpaka filamu imekwenda karibu nusu saa. Mtazamaji amekwisha kuona kaburi likifukuliwa, ubongo ukiibwa, radi ikipiga mnara, mkono ukitikisika. Kisha mlango unafunguka, na kiumbe anaingia kinyumenyume, anageuka polepole, kamera inamsogelea kwa mikato mitatu. Hofu yote ya tukio hili imejengwa na kungoja. Sasa toleo zima la Castle Films halikuzidi robo saa. Kungoja kwenyewe katika filamu ya Whale ni kurefu kuliko ufupisho mzima. Hata kama mfupishaji angebakiza kila picha ya kuingia kwa jitu, asingeweza kubakiza kuingia kwake, kwa sababu kuingia huko kulikuwa na mizizi katika dakika alizozitupa. Jambo hili linamhusu pia mhakiki wa fasihi. Kitu cha kwanza kupotea katika ufupisho ni muda, na mambo yaliyotegemea muda, kama vile shaka, tumaini na majuto, hupotea pamoja nao. Majina na matendo hubaki.

Matoleo mengi, hasa kabla ya miaka ya 1970, yaliuzwa bila sauti hata pale ambapo filamu asilia ilikuwa yenye sauti. Wahusika walifunua midomo, na maneno machache yaliandikwa chini ya picha au katikati yake. Mara nyingi mzazi aliwasomea kwa sauti watoto ambao hawajajua kusoma, akaongeza ya kwake. Kwa msomaji wa Kongo hali hiyo si ngeni kabisa. Katika miaka ya ukoloni wa Kibelgiji wamisionari walizungusha sinema ya milimita 16, na mfafanuzi alieleza kwa lugha ya watu yale yaliyokuwa yakionekana juu ya kitambaa cheupe. Mahali pote pawili mkanda ulifika ukiwa na upungufu, na msimulizi akauziba upungufu huo kwa kinywa chake. Tofauti ni kwamba mfafanuzi wa misioni alikuwa na mamlaka ya kufundisha, na mara nyingi ya kukataza. Mzazi wa sebuleni alikuwa na mamlaka ya kuburudisha tu.

Jambo moja zaidi linadai lawama isiyo na kificho. Castle Films iliuza mikanda yake kwa urefu zaidi ya mmoja. Ule wa futi 50, wa dakika tatu au nne, uliitwa toleo la vichwa vya habari. Ule wa futi 200 uliitwa "toleo kamili". Neno hilo lilichapwa juu ya kisanduku cha filamu iliyopoteza zaidi ya sehemu nne katika tano za mwili wake. Muuzaji angeweza kujitetea kwamba lilikuwa kamili likilinganishwa na lile dogo. Lakini utetezi huo haumwondolei dhambi. Ufupisho unaojitangaza kuwa ufupisho ni kazi halali. Ufupisho unaojiita kamili unamwibia mtazamaji hata ile hamu ya kuuliza kilichobaki kiko wapi.

4. Mkusanyaji na hazina yake

Kaseti za video ndizo zilizoua biashara hii. Betamax ilitoka mwaka 1975 na VHS mwaka 1976. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kuwa na filamu nzima nyumbani mwake. Universal, ambayo tangu mwaka 1977 ilikuwa ikiuza matoleo mafupi kwa jina la Universal 8, ilikuwa mwaka 1976 imeishitaki Sony kwa kutengeneza mtambo wa kurekodi. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi hiyo mwezi Januari 1984, na Sony ikashinda. Kufikia wakati huo wateja walikuwa wamekwisha kuondoka. Uingereza, kampuni ya Derann ya mji wa Dudley iliendelea kuwatolea wapenzi wa Super 8 mikanda mipya mpaka ilipofunga milango mwaka 2011.

Baada ya hapo, mtu anayekusanya dakika kumi za Frankenstein wakati filamu nzima inapatikana kwa urahisi na kwa picha safi zaidi anakusanya nini hasa? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kumbukumbu za utotoni: mlio wa mtambo, vumbi likicheza ndani ya mwanga, shuka lililotundikwa ukutani. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, kwa kuwa linamzungumzia mkusanyaji na kukisahau kinachokusanywa. Mkusanyaji makini huuliza maswali ambayo mtafiti wa hati za kale angeyatambua mara moja. Kopi hii ni ya mwaka gani? Imekatwa na nani? Ina maandishi ambayo ile nyingine haina? Kwa nini toleo la Marekani linaishia kwenye moto, na la Ulaya linaendelea? Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir imetufikia kwa nakala zinazotofautiana kwa beti na kwa mpangilio wake, na hakuna mhakiki anayeona aibu kuzilinganisha. Toleo fupi la filamu ni nakala pia, na tofauti zake ni ushahidi wa namna kazi ilivyosomwa na watu wa wakati fulani.

Tena hazina hii ni dhaifu. Methali husema akiba haiozi, lakini mkanda huoza. Asetati iliyowekwa mahali pa joto na unyevu huanza kutoa harufu ya siki. Mkanda hujikunja, hupungua, mwisho hauwezi tena kupita katika meno ya mtambo. Na ubaya wake ni kwamba mvuke wa mkanda mmoja huuchochea ugonjwa katika mikanda ya jirani, hata mkusanyaji hulazimika kuutenga mgonjwa. Kopi nyingi za rangi zilizochapwa kabla ya miaka ya 1980 zimepoteza kijani na buluu, zikabaki nyekundu kama udongo wa Katanga. Anayekusanya mikanda hii hawezi kuifunga kabatini akasahau. Inambidi aifungue, aipeperushe, ainuse, aipitishe mkononi akitafuta tundu lililochanika. Uangalizi huo, unaofanywa juu ya kitu ambacho wakubwa wa sinema walikiona kuwa kichezeo, ndio uliozaa matokeo ambayo sehemu inayofuata itayaeleza.

5. Vipande viwili

Mwaka 1954 mvulana wa Kiingereza aliyeitwa Kevin Brownlow, mwenye umri wa miaka 15, alikuwa na mtambo wa milimita 9.5. Filamu moja aliyoipata haikumpendeza, akaomba nyingine. Alipewa bobini mbili za Napoléon ya Abel Gance. Filamu hiyo ilikuwa imeonyeshwa kwa mara ya kwanza katika jumba la Opéra la Paris tarehe 7 Aprili 1927, huku sehemu zake fulani zikitupwa juu ya vitambaa vitatu kwa pamoja. Baada ya hapo ilikatwa na kukatwa tena na wasambazaji, na Gance mwenyewe akaitengeneza upya kwa sauti, hata umbo lake la kwanza likawa halipo tena popote. Brownlow alichokiona kilikuwa ufupisho wa nyumbani, mdogo na mwembamba. Lakini ndani yake kamera ilikuwa inakwenda kwa namna ambayo hakuwahi kuiona. Alianza kutafuta bobini zilizobaki. Kisha vipande vya milimita 35. Kisha akamtafuta Gance mwenyewe.

Utafutaji huo ulichukua maisha. Mwaka 1979, huko Telluride katika jimbo la Colorado, toleo lililojengwa upya lilionyeshwa usiku nje, na Gance mwenye miaka 89 akalitazama kutoka dirisha la hoteli. Mwaka 1980 lilionyeshwa London pamoja na muziki wa Carl Davis. Gance alifariki mwaka 1981. Toleo la Brownlow la mwaka 2016 lina saa tano na nusu. Mwaka 2024 Cinémathèque française ilionyesha urejesho wake wenyewe wa takriban saa saba. Nyuma ya kazi hizo kubwa yapo mengi: hifadhi za serikali, mafundi, fedha. Lakini nyuma ya kazi ya Brownlow, mahali pa kwanza kabisa, pana bobini mbili ambazo mtu mwenye busara angezitupa.

Kisa cha pili ni kinyume cha hicho. Mwaka 1925 Harry Hoyt aliongoza The Lost World, iliyotokana na riwaya ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1912, na Willis O'Brien akawapa mijusi mikubwa ya kale mwendo kwa kusogeza vinyago hatua kwa hatua mbele ya kamera. Filamu hiyo ilipoondolewa sokoni, kopi zake kubwa ziliangamizwa. Kilichookoka ni toleo la Kodascope la milimita 16, lililokuwa karibu nusu ya filamu asilia. Kwa miongo mingi hilo ndilo lililoonyeshwa, kusifiwa na kulaumiwa. Wahakiki waliandika kwamba filamu ina haraka na wahusika wake hawana uzito, na makosa hayo yakahesabiwa juu ya Hoyt, ilhali yalikuwa ya mkasi. Miaka ya 1990 ilipopatikana kopi ya zamani katika hifadhi ya filamu ya Cheki, yenye sehemu nyingi zilizokosekana, urejesho ulianza, na mwingine uliokamilika zaidi ukatoka mwaka 2016. Kwa muda wa maisha ya mtu mzima kipande kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha kizima.

Visa hivi viwili havipingani. Katika vyote viwili mkanda mwembamba ulihifadhi. Bila Kodascope mijusi ya O'Brien huenda isingeonekana kabisa. Kilichotofautiana ni msimamo wa mtazamaji. Brownlow alitazama kipande akajua kuwa ni kipande. Wengine walitazama kipande wakadhani wameona filamu. Mtu anayejua kwamba anakosa hutafuta. Asiyejua huketi, na kuketi kwake hupewa jina la maarifa.

Inafaa pia kutochanganya wembamba na ufupi. Mwaka 2008, huko Buenos Aires, ilitambuliwa kopi ya milimita 16 ya Metropolis ya Fritz Lang, filamu ya mwaka 1927 iliyokatwa vibaya mara tu baada ya kutolewa. Kopi hiyo nyembamba, iliyokwaruzwa kila mahali, ilikuwa ndefu kuliko zote zilizojulikana, na takriban dakika 25 zilizodhaniwa kupotea zilirudishwa katika onyesho la Berlin la mwaka 2010. Kitambaa kinyonge kilikuwa kimefunika mwili kamili, huku kopi nzuri za majumba makubwa zikiwa zimekatwa viungo.

6. Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu yanapatikana maswali matatu ambayo mhakiki anaweza kuyauliza mbele ya ufupisho wowote, uwe wa filamu, wa riwaya au wa utenzi. La kwanza: je, unakiri kwamba ni ufupisho? Toleo la dakika kumi linaloitwa kamili limeshindwa kabla halijaanza. La pili: umekata wapi, na kwa nini hapo? Mfupishaji wa Doom of Dracula alifuata mshono uliokuwamo katika kazi. Mwingi wa wenzake walifuata urefu wa bobini tu. La tatu: unamwacha mtazamaji akiwa na njaa au akiwa ameshiba? Hili ndilo zito kuliko yote, na jibu lake halimo katika mkanda peke yake. Limo pia katika malezi ya anayeutazama.

Hapo ndipo jambo hili linapougusa moja kwa moja ualimu wa fasihi katika vyuo vyetu. Mahali ambapo nakala moja ya riwaya inagawanywa na darasa zima, na ambapo kitabu kikipotea hakipatikani kingine, ufupisho si uvivu daima. Mara nyingi ndio njia pekee iliyo wazi. Mwanafunzi wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani mwenye kurasa ishirini zilizonakiliwa za riwaya ya kurasa mia tatu yuko mahali pa yule mvulana mwenye bobini mbili. Kumkemea kwa kuwa na kurasa ishirini hakumpi zile mia mbili na themanini. Linalowezekana, na ni wajibu wa mwalimu, ni kumfundisha kuzisoma kurasa hizo akijua ni kipande: aone panapokatika, aulize kilichokuwapo kabla, aandike pembeni kile asichokipata, asihukumu mwandishi kwa makosa ya mashine ya kunakilia.

Wakusanyaji wa mikanda myembamba wamelifanya hilo pasipo kufundishwa na chuo chochote. Wameyatunza matoleo ambayo wenye mali waliyasahau, wameandika katika madaftari urefu wa kila bobini na kila pengo, na wametofautisha kwa uaminifu kati ya walichonacho na kinachokosekana. Hakuna sababu ya kuwatukuza: wako miongoni mwao wanaopenda kisanduku kuliko filamu, na wanaofungia chini ya kufuli kitu ambacho kingefaa kuonwa na wengi. Lakini orodha ya mapengo, iliyoandikwa kwa makini, ni chombo cha utafiti, na hifadhi nyingi za vitabu zingefaidika kuwa nayo.